Laga Ina Mwenyewe

Mwezi wa nne mwaka 1985 nilikuwa taniboi, yaani utingo, kwenye lori lililobeba mahindi ya msaada kutoka Isiolo kwenda Marsabit. Ukame wa 1984 ulikuwa umefagia mifugo ya kaskazini, na mizoga ilikuwa bado kando ya njia, ngozi imekauka juu ya mifupa. Tulifika laga ya Merille saa tisa alasiri. Juu yetu hapakuwa na hata kipande cha wingu. Mchanga ulikuwa mweupe, mkavu, umetandaa kama uwanja wa mpira. Dere wetu, mzee wa Kiborana ambaye sisi vijana tulimwita Abba, alizima injini ukingoni, akavua viatu, akashuka.

Nilidhani anakwenda haja. Alitembea hadi katikati ya laga, akachuchumaa, akafukua kwa vidole mpaka kiwiko kikazama, akatoa mchanga wa chini na kuufinya. Akaunusa. Kisha akasimama kitambo akiitazama milima ya magharibi, upande wa Mathews na Ndoto, ambako mbali sana palikuwa na weusi mwembamba, kama moshi wa mkaa. Akarudi, akatandika gunia chini ya lori, akajilaza.

"Abba, hatuvuki?"

"Laga ina mwenyewe, kijana. Yuko njiani."

Haikupita nusu saa likaja lori jingine nyuma yetu. Dere wake alikuwa kijana, na alikuwa na haraka ya kuwahi Marsabit kabla ya giza. Alimsalimu Abba kwa heshima, akamsikiliza, akautazama ule mchanga mkavu, akatazama jua. Akaingia. Alipofika katikati alibadilisha gia, lori likasita, na magurudumu ya nyuma yakaanza kujichimbia kaburi. Sisi mataniboi wa pande zote mbili tukashuka na majembe.

Nilisikia maji kabla ya kuyaona. Ilikuwa sauti kama ya lori la mbali linalopanda mlima kwa gia ya kwanza, isiyokoma. Abba alikuwa tayari amesimama, anapiga kelele kwa Kiborana na Kiswahili tuache majembe. Kilichotangulia kilikuwa povu la rangi ya chai ya maziwa, limebeba vinyesi vya mbuzi, vijiti, majani makavu, na kandambili moja ya bluu ambayo sijaisahau mpaka leo. Povu lile lilikuja taratibu kama mtu anayetembea, kwa sababu mchanga ulikuwa unalinyonya kadiri lilivyosogea. Ukiliangalia ungeweza kudhani litaishia hapo. Nyuma yake maji yalikuwa ya goti, na nyuma ya hayo ya kiuno, na tulipofika ukingoni yalikuwa ya kifua, mekundu, yanabingirisha magogo. Watu wote tulitoka. Lori lilisimama kama dakika tano, likainama upande mmoja taratibu kama ngamia anayelala, kisha tukaona magurudumu yakitazama juu. Baada ya wiki nne nilipita tena. Mchanga ulikuwa umelifunika mpaka kwenye kioo cha mbele, na watoto wa Kirendille walikuwa wamekaa juu ya paa lake wakichunga mbuzi.

Nimefanya kazi kwenye barabara ile miaka thelathini na ushei, kwanza nikiwa taniboi, kisha dere, na mwishowe mwendeshaji wa greda katika kambi ya barabara. Watu wa kusini wakinisikia nikisema Marsabit, Chalbi, Moyale, wananionea huruma kwa ajili ya jua na kiu. Jua tulilijua, na kiu tulibeba mtungi. Kilichotusumbua, kilichoamua tupite wapi, tulale wapi na tufike lini, ni maji. Kila kona ya njia ya zamani kutoka Isiolo hadi Moyale, kilomita zipatazo 500, ukiuliza kwa nini imepinda pale, jibu linarudi kwenye mvua iliyonyesha mahali pengine.

Neno lenyewe, laga, tumelipata kwa Waborana. Kwao ni mto. Sisi wa malori tulilichukua na kulifinyanga likawa na maana ya mto wa mchanga, ule ambao kwa mwaka mzima huenda ukaona maji yake siku sita au saba tu. Ardhi ya kaskazini ni ngumu, nyasi ni chache, na milima kama Mathews na Ndoto ina mwamba mtupu kwenye miteremko yake. Mvua ikipiga pale kwa saa moja haina pa kuingia. Inateremka yote pamoja, inakusanyika kwenye makorongo, makorongo yanaingia laga, na laga inakimbilia mashariki ambako mvua haijanyesha kabisa. Ndiyo maana mtu hufa maji huku jua linamchoma utosini. Wala maji yale hayafiki baharini. Hata Ewaso Nyiro, mto mkubwa unaotoka Mlima Kenya na Aberdare na kupita chini ya daraja la Archer's Post, huishia kwenye kinamasi cha Lorian, na siku za mafuriko makubwa tu ndipo husogea mbele kwa njia ya Laga Dera kuelekea Somalia. Laga ndogo huisha zenyewe ndani ya uwanda: zinapanuka, zinagawanyika, zinakuwa matope, zinakuwa vumbi.

Abba alinifundisha kuisoma laga kama mwalimu wa madrasa anavyofundisha herufi, moja moja, na kwa kurudia. Kwanza, tazama juu kwenye matawi ya migunga ya ukingoni. Utaona nyasi kavu na vinyesi vimening'inia kwenye miiba, wakati mwingine juu ya kichwa chako. Ule ndio urefu wa maji ya mwisho. Pili, usivuke kwenye kona, maana upande wa nje wa kona maji hula ukingo na kuufanya ukuta. Vuka mahali laga imenyooka na kupanuka, hata kama ni mbali zaidi, kwa sababu laga pana haina kina. Tatu, mchanga wa chembe kubwa hubeba lori, mchanga laini humeza. Nne, vuka alfajiri. Usiku mchanga hupoa na kushika unyevu kidogo, ukashikamana. Saa saba mchana umekuwa kama unga. Punguza upepo kwenye matairi, ingia na gia utakayotoka nayo, usiiguse mpaka upande wa pili. Ukikwama, tandika makuti ya mkoche. Matawi ya mgunga yapo mengi zaidi na karibu zaidi, lakini miiba yake itakutoboa tairi na utakuwa umekwama mara mbili.

Na baada ya maji kupita, ngoja. Hili vijana walikuwa hawalielewi. Maji yakishuka unaona mchanga unang'aa, umelala, unakukaribisha. Chini umejaa maji na unatetemeka kama uji. Abba alikuwa hatii ufunguo mpaka aone punda au ngamia wa mtu amevuka akiwa na mzigo. Tuliwahi kulala siku tatu kwenye ukingo mmoja karibu na Laisamis, malori kumi na moja, tukichemsha mahindi ya tajiri na kumngojea ngamia.

Hao ngamia ndio waliokuwa wahandisi wa kwanza. Kabla ya gari lolote, njia za Warendille, Wagabra, Waborana na misafara ya Wasomali zilikuwa zimekwisha kuchagua mahali. Ngamia ana mguu mpana, mzuri kwenye mchanga, lakini kwenye matope huteleza miguu ikaachana, na ngamia aliyepasuka nyonga hana dawa. Kwa hiyo msafara ulikwepa udongo mweusi na kufuata migongo ya ardhi. Ulikuwa pia unahitaji kunywa, na maji ya kiangazi yako chini ya mchanga wa laga zilezile zinazoua wakati wa mvua. Njia basi ilivutwa na vitu viwili vinavyopingana: ikae mbali na maji, na ifike kwenye maji. Ukizitazama Merille, Laisamis na Logologo, utaona kila moja iko mahali ambapo mabishano hayo yalipata suluhu, yaani karibu na visima na juu kidogo ya mafuriko.

Serikali ya kikoloni ilipoanza kusimamisha vituo vyake katika wilaya ya mpaka wa kaskazini, yapata 1909, haikubuni njia mpya. Ilifuata nyayo. Kituo kilichobeba jina la Geoffrey Archer kiko pale Archer's Post kwa sababu hapo ndipo Ewaso Nyiro inapovukika na pana maji mwaka mzima, au palikuwa na maji mwaka mzima siku zile. Kiswahili chetu cha kaskazini kilipanda kwa njia hiyohiyo pamoja na askari wa Keya, jeshi la kikoloni, na wapagazi. Isiolo, mji wangu, ulijazwa na wastaafu wa Keya, Wasomali wa koo za Isaaq na Herti waliopewa mahali pa kukaa baada ya vita ya kwanza ya dunia, wakakutana na Waborana, Waturkana, Wameru na Wasamburu, na lugha ya kuuliza "laga iko vipi?" ikawa Kiswahili.

Magari yalianza kufika Marsabit miaka ya 1920. Wamarekani wawili, Martin na Osa Johnson, walikaa kule juu kwenye ziwa la kreta, Gof Sokorte Guda, kuanzia 1924 hadi 1927 wakipiga picha za wanyama, na walipanda na magari. Wageni wakizitazama picha zao husifu tembo. Mimi huwafikiria watu waliosukuma yale magari kwenye mchanga wa jangwa la Kaisut, ambao majina yao sijawahi kuyaona popote.

Vita vya pili ndivyo vilivyoigeuza njia kuwa barabara. Mwezi Julai 1940 Waingereza waliondoka Moyale, Waitaliano wakaingia. Ili kuwafuata ng'ambo ya mpaka, ilibidi jeshi zima, na petroli yake, na maji yake ya kunywa, lipite mahali ambapo ngamia kumi walikuwa wanahesabu visima. Wahandisi wa Afrika Kusini walilainisha njia kuzunguka Marsabit na kuelekea kaskazini, wakiokota mawe na kuyasukuma kando. Babu yangu mzaa mama alikuwa dereva wa jeshi wakati huo. Alikuwa mtu wa maneno machache kuhusu risasi. Kuhusu matope alikuwa akisimulia mpaka chakula kinapoa. Mega, ng'ambo ya mpaka wa Ethiopia, ilitekwa tarehe 18 Februari 1941 katikati ya mvua, na alisema kitu kilichokaribia kuwazuia ni udongo: malori yalizama mpaka ekseli kwenye uwanda ambao wiki iliyotangulia ulikuwa umepasuka kwa ukavu. Alikuwa akinyoosha kiganja na kukikunja polepole, kuonyesha jinsi udongo ule unavyoshika gurudumu.

Nilimwelewa nilipoanza kupita Dida Galgalu.

Marsabit ni mlima wa volkano, kilele chake mita 1,707, na unafika pale ukiwa umetoka kwenye joto la Kaisut ukajikuta ndani ya ukungu na msitu. Ukishapita mji na kuteremka upande wa kaskazini, laga zinakoma. Mwanzoni jambo hilo lilinichanganya. Kumbe mwamba wa volkano umejaa nyufa. Mvua ya mlimani inazama ndani yake badala ya kukimbia juu. Mlima wenye msitu mzito namna ile hauna mto hata mmoja wa kudumu. Na mbele yako unaanza uwanda wa mawe meusi, dida, kama Waborana waitavyo uwanda, mawe ya ukubwa wa kichwa na ya ukubwa wa ngumi, yametapakaa mpaka upeo wa macho kama vile mtu ameyamwaga. Hapa hukwami mchangani. Hapa unakatwa matairi. Safari moja ya 1991 tuliziba pancha kumi na nne kati ya Marsabit na Turbi, tukaishiwa viraka, tukashonea kipande cha tairi jingine kwa waya.

Kati ya mawe yale kuna udongo mweusi unaovimba ukilowa. Ukikauka unapasuka nyufa zinazomeza mkono. Mvua ikinyesha, mawe yanazama, na ule uwanda wote unakuwa nta. Madereva waliotangulia wakikwama, wanaofuata wanapita kushoto kwao. Hao nao wakikwama, wengine kushoto zaidi. Nimehesabu alama za njia ishirini na mbili kwa upana, zinazotengana na kukutana tena kama nyuzi za kamba iliyofumuka. Mgeni aliyekuja kiangazi aliweza kufuata iliyo ya kulia akajikuta jioni yuko peke yake, hajui Bubisa iko wapi. Sisi tulikuwa tukitafuta migongo, sehemu ambazo ardhi imeinuka hata kwa kimo cha magoti tu, kwa sababu maji ya uwanda huutambua hata mwinuko huo. Unaujua mgongo kwa rangi ya nyasi kabla ya kuujua kwa macho ya kipimo.

Upande wa magharibi kuna Chalbi. Zamani, maelfu ya miaka nyuma, lilikuwa ziwa. Ukishuka kwenye gari unaokota makombe ya konokono wa majini mahali ambapo hakuna hata tone. Sasa ni sakafu ya chumvi, bapa kuliko meza, kwenye kimo kisichofika mita 400 juu ya usawa wa bahari. Kiangazi ni barabara bora kuliko zote Kenya. Unafungua lori, hakuna shimo, hakuna jiwe, na vumbi jeupe linasimama nyuma yako kama mnara. Lakini ganda lile ni jembamba. Mahali ambapo rangi inageuka kutoka nyeupe kuwa kijivu, chini yake kuna matope ambayo hayajakauka tangu mvua iliyopita, na anayejifanya haoni kijivu anatolewa na trekta, ikiwa trekta lipo. Kwa hiyo njia halali ya kwenda North Horr, ile ya Wagabra, haikati katikati. Inafuata ukingo: Maikona, Kalacha, North Horr. Katika kingo hizo maji yaliyozama kwenye mwamba wa milima yanatokeza tena kama chemchemi, na mikoche inasimama. Nilipita hapo miaka mingi kabla ya kuelewa kwamba mvua niliyoona ikipotea juu ya milima ndiyo niliyokuwa nikiogea chini yake kule Kalacha.

Miaka ya 1960, wakati wa vita vya shifta, njia ziliongezeka kwa sababu nyingine. Mabomu yalitegwa kwenye nyayo za magari, na madereva wakaanza kupita porini kando ya njia, kila safari mahali papya. Baadaye ikaja misafara ya polisi, malori yakikusanyika kizuizini na kuondoka pamoja. Usalama ulidai twende kwa saa ya polisi, na laga haina saa ya polisi. Tumewahi kuamriwa kuvuka jioni mahali ambapo kila dere mzee alitaka kulala.

Nilipohamia kwenye greda mwaka 1994 niliiona barabara kutoka upande mwingine. Dere anataka kuvuka leo. Mtu wa greda anataka pavukike mwakani. Silaha yetu ilikuwa drifti: zege lililolazwa kwenye sakafu ya laga, sawa na mchanga, maji yapite juu yake na magari yapite yakiisha. Kwa nchi ya laga ni kitu cha akili sana, kwa sababu hakishindani na maji. Daraja dogo au kalvati huziba na magogo kwa furiko moja, kisha maji yanazunguka ubavuni na kulibeba tuta. Drifti haina cha kuziba.

Ila ina mahali pake pa kufia, na ni upande wa chini. Maji yakiteleza juu ya zege yanaongeza kasi, na yanapofika mwisho wa zege yanaanguka kwenye mchanga. Kama zege limeinuliwa hata futi moja kuliko sakafu ya laga, pale yanapoanguka yanachimba. Msimu wa kwanza ni beseni. Msimu wa pili ni shimo la mtu kusimama. Mchanga ulioshikilia zege kwa chini unaanza kutoka, zege linabaki linaning'inia kama ulimi, na siku lori la tani ishirini linapokanyaga ukingo wake linavunjika. Dawa ni kuchimba ukuta wa chini ya ardhi mwishoni mwa zege, kwenda kina, na kumwaga mawe makubwa ndani ya gabioni, yaani vizimba vya waya, mbele yake ili maji yaangukie mawe yachoke.

Kuna drifti moja, sitataja mahali wala aliyeijenga, iliyomalizwa mwezi wa nane wakati laga ilikuwa kavu na kila mtu ana haraka. Waliiinua juu ili isifunikwe na mchanga, na ukuta wa chini haukuchimbwa. Nilimwambia msimamizi, nikamwonyesha nyasi kwenye miti, futi sita juu ya vichwa vyetu. Alikuwa mtu mstaarabu, alinisikiliza, akaniambia michoro imeshapita. Mvua za El Niño zilianza mwezi wa kumi 1997. Zilipoisha mwaka uliofuata, zege lilikuwa limelala mita arobaini mbele kufuata mkondo wa laga, zima, limegeuzwa uso chini, na barabara yote ya kaskazini ilikuwa imekatika mahali pasipohesabika. Miezi ile chakula kilikuja kwa ndege. Nililia siku ile, na sikujificha. Tulikuwa tumebeba mawe kwa mikono kwa ajili ya kazi nyingine, na mawe yaleyale, malori matano tu, yangeiokoa.

Lami ilianza kupanda kutoka Isiolo 2007. Kipande cha kwanza, kilomita 136, kiliishia mto Merille, na kwa miaka kadhaa lami ilikuwa inakoma palepale Abba alipovulia viatu. Kisha vikafuata vipande vingine, Marsabit, Turbi, na kufikia 2017 gari dogo liliweza kutoka Isiolo asubuhi na kulala Moyale. Safari yetu ya siku tatu, au kumi, ikawa ya mchana mmoja. Nimeona mama mjamzito akitoka Turbi akafika hospitali akiwa hai, kwa lami hiyo, na sina neno baya la kuisema.

Lakini tuta la lami ni refu, na uwanda umezoea kupitisha maji kwa upana, kwa karatasi nyembamba inayotambaa mahali pote. Sasa karatasi hiyo inagonga tuta, inatembea kando yake, inatafuta kalvati, na inatoka yote kwa tundu moja. Upande wa juu wa barabara migunga imenenepa. Upande wa chini, katikati ya kalvati mbili, nimeona mistari ya migunga iliyokauka wima, na mbele ya kila tundu korongo jipya linalorefuka kila mwaka kuelekea malisho. Mashimo yalikochimbwa kifusi yamejaa maji ya mvua, na wafugaji wamehamia karibu nayo. Manyatta yamesogea kwenye lami kama zamani yalivyosogea kwenye visima. Kila nikipita nalihesabu hili na lile, na najua wanaojenga barabara nyingine za kaskazini leo wangepata faida kutembea na mzee mmoja wa hapo siku moja kabla ya kupiga kigingi. Si kazi ya gharama. Ni siku moja.

Mwezi wa kumi na moja uliopita nilipanda basi kwenda kumwona binti yangu Marsabit. Pale Merille tulivuka daraja kwa muda wa kufunga dirisha. Abiria wa karibu yangu hakuinua macho kutoka kwenye simu. Basi lilisimama sokoni ng'ambo, watu wakashuka kunywa chai, na mimi nikarudi kwa miguu mpaka chini ya daraja.

Kivulini mwa nguzo wasichana wawili wa Kirendille walikuwa wamechimba kisima mchangani, mmoja yuko ndani mpaka mabega, anapandisha maji kwa kikombe cha plastiki, mwenzake anamimina kwenye karai. Mbuzi walikuwa wamezunguka. Nilivua viatu. Nilichuchumaa, nikafukua mpaka kiwiko, nikafinya. Ulikuwa baridi, na ulishikamana mkononi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Niliponyanyua macho, yule wa nje alikuwa naye ameacha karai na anaangalia magharibi, ambako weusi mwembamba ulikuwa umekaa juu ya Ndoto.

Akamwambia mwenzake neno moja. Mwenzake akapanda kutoka kisimani, akachukua fimbo, na mbuzi wakaanza kupanda ukingo.

Nikabeba viatu vyangu mkononi, nikawafuata.